Mtu Aliyezungumza Juu ya Filamu za Les Basaltes

Les Basaltes, kundi la muziki, walitengeneza filamu tatu. Kwa maoni ya Védaste Niyonsenga, ya kwanza ni nzuri kwa sababu ya muziki, ya pili ni mbaya na hakuna cha kuiokoa, na ya tatu haina mfano. Védaste ana miaka sitini. Anatengeneza redio na simu katika kibanda cha mbao pembeni mwa soko la Kamembe. Nyumbani kwake Cyangugu, mteremko mmoja juu ya ziwa, ana deki mbili za video ambazo bado zinafanya kazi, na rafu ya kanda iliyofunikwa kwa kitambaa cha meza.

Wateja wake wengi hawajawahi kulisikia kundi hilo. Lilikuwa la vijana wanne wa Bukavu waliopiga rock wakati ambapo kila mtu pande zote mbili za Rusizi, mto wa mpakani, alicheza rumba. Kwa miaka tisa walijaza kumbi za Bujumbura, Kigali na Kinshasa, na nywele zao zilitajwa katika mahubiri. Védaste alizaliwa Bukavu, mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda. Mara ya kwanza alipowasikia alikuwa na miaka kumi na sita, nje ya ukumbi wa shule, amebandika sikio kwenye ukuta wa matofali. Anasema gitaa lilimfikia kwenye meno kabla ya kufika masikioni.

Filamu ya kwanza inaitwa Siku Tano Bujumbura. Aliyeshika kamera alipenda viatu. Kuna karibu dakika nzima ya viatu vya mpiga besi, na uso wa mpiga ngoma hauonekani tangu mwanzo hadi mwisho. "Ile filamu ni ya muntu mwenye alichelewa kufika kila fasi," Védaste husema. Lakini sauti ilinaswa vizuri. Katika wimbo wa tatu amplifaya inaungua, moshi unapanda, na mpiga gitaa, Néhémie Cirhuza, anaendelea kupiga nyuzi kavu huku akitabasamu kama aliyepewa zawadi.

Ya pili, Wezi wa Gitaa, ni hadithi ya kutunga. Gitaa linaibwa, wanamuziki wanawakimbiza wezi kwa dakika arobaini, wengine kwa miguu na wengine kwa pikipiki moja inayozimika kila kona. Waliandikiwa maneno, nao waliyasema kama watu wanaosoma tangazo la mkutano. Cirhuza alipewa nafasi ya mlinzi bubu. Védaste huipa filamu hii alama mbili kwa kumi, zote mbili kwa ajili ya pikipiki.

Ya tatu ni Nyumba ya Nguba. Hakuna tukio lolote ndani yake. Vijana wanne, ambao sasa si vijana sana, wamekodi nyumba katika mtaa wa Nguba, juu ya mto Rusizi, ili warekodi sahani ya muziki ambayo haikutoka kamwe. Wanagombana kuhusu chai. Wanagombana kuhusu kiitikio. Mmoja anatoka chumbani kwa hasira na kamera haimfuati, inabaki inatazama kiti chake. "Katika ile ya pili walijifanya batu bengine," Védaste anaeleza. "Hapa wamechoka hata kujifanya bao benyewe." Dakika ya hamsini na moja, Cirhuza anazima amplifaya yake, anakwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, na anazungumza na kamera kwa dakika sita, kwa Kimashi, lugha ya kwao. Ni mara pekee anapozungumza katika filamu zote tatu. Hakuimba katika sahani yoyote, hata kuitikia. Vidole vyake vimehifadhiwa kila mahali. Sauti yake ilihifadhiwa kwenye ngazi zile tu.

Miaka minane baada ya filamu hiyo, vita vilipofika Bukavu, Cirhuza alitoka nyumbani asubuhi kwenda kumtazama rafiki na hakuonekana tena. Wakati huo Védaste alikuwa ameshavuka daraja na wazazi wake, kurudi katika nchi ambayo hakuwahi kuishi. Alivuka na begi la nguo na kanda tatu.

Kamembe ilimpa kazi. Mtu mmoja aitwaye Kabera alikuwa amefungua banda la video, na watu waliolijaza, wengi wao wakiteremka kutoka vijiji vya Nkungu, hawakuelewa Kifaransa wala Kiingereza. Walihitaji msobanuzi, yaani mtu wa kuieleza filamu kwa Kinyarwanda huku ikiendelea, mwenye kusema maneno ya kila mwigizaji, kutaja nani ni mwizi, na kutania pale hadithi inapolegea. Filamu za namna hiyo huitwa agasobanuye. Kazi ilifanyika hivi: deki moja ilichezesha kanda ya asili, ya pili ilirekodi kanda mpya, na katikati yao palikuwa na kisanduku chenye kitasa cha sauti. Mkono wa kulia ulishika kipaza sauti. Mkono wa kushoto ulishusha sauti ya filamu kila msobanuzi alipofungua mdomo, na kuipandisha wakati wa nyimbo, wakati wa ngumi, na wakati alipovuta pumzi. Sheria ilikuwa moja. Banda lisiachwe kimya, kwa sababu banda likinyamaza watu hupiga filimbi, wakishapiga filimbi husimama.

Kwa hiyo mwaka 1999, aliposobanua Nyumba ya Nguba kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, Védaste aliziogopa dakika sita za mtu aliyekaa kwenye ngazi. Kimashi alikisikia nusu nusu. Aliamua kumpa Cirhuza maneno mengine. Katika kanda ya Védaste, Cirhuza analalamika kwamba shemeji yake amekula mbuzi wa mahari, anaeleza mbuzi huyo alivyokuwa na adabu, anaapa kumdai mifupa. Banda lilicheka hadi benchi moja likavunjika. Kanda ilichezeshwa miezi minne. Mpaka leo kuna watu wazima Kamembe wanaomsalimu kwa kumuuliza mbuzi yuko wapi.

Kanda tupu zilikuwa adimu. Filamu ikishasobanuliwa, kanda ya asili ilirekodiwa filamu nyingine juu yake. Wasobanuzi wote walifanya hivyo, na hakuna aliyeona kwamba anaharibu kitu.

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, mwanamke wa miaka arobaini na kitu alisimama mbele ya kibanda cha mbao. Alikuwa amevuka kutoka Bukavu asubuhi hiyo na viatu vyake vilikuwa na vumbi la mlima.

"Njo weye Papa Védaste ya sinema?"

"Njo miye. Lakini sinema ilishakufa. Unaleta simu ao redio?"

"Sina kitu ya kutengeneza, Papa. Minatafuta Nyumba ya Nguba."

Védaste aliweka bisibisi chini. Ilikuwa imepita miaka tangu mtu ataje filamu hiyo kwa jina lake badala ya kuiita ile ya mbuzi.

"Nani anakutuma?"

"Mama yangu. Nabintu. Ni dada ya Néhémie Cirhuza. Miye naitwa Chloé."

Alimtafutia kiti, akakipangusa kwa shati lake. Chloé alieleza akiwa amesimama. Mama yake alikuwa na miaka sabini na minne. Sukari ilikuwa imemaliza macho yake, sasa ilikuwa kwenye figo, na daktari alikuwa amewaambia wampeleke nyumbani. Néhémie alikuwa mdogo wake, yeye ndiye aliyemlea. Nakala ya filamu iliyokuwa nyumbani iliporwa wakati wa vita pamoja na televisheni. Mzungu aliyeitengeneza alikuwa amefariki. Chloé alikuwa ameandika barua, alikuwa amepiga simu, alikuwa ameuliza kwa watoto wa wanamuziki wengine, na hakuna aliyekuwa na kitu.

"Anasema: sura ya Néhémie niko nayo, sauti njo ilipotea. Minaiita, haikuji. Anataka kuisikia mara moja mbele ya kwenda. Ni ile tu anaomba. Hata padri alimwambia aombe kitu ingine, akakataa."

"Niko nayo!" Védaste alipiga meza, redio mbili zikaruka. "Chloé, niko nayo! Dakika sita, bila gitaa, bila ngoma, ye mwenyewe tu! Sikiliza, nitaitoa kwenye kanda, nitaiweka kwa simu. Ijumaa tutavuka pamoja, nitamupatia mukononi."

"Ni ya kweli, Papa? Usinifurahishe bure."

"Miye nasema uongo? Ijumaa."

Chloé alikaa kwenye kiti hatimaye, akafunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti hadi wauza nyanya wakageuka.

Védaste hakufikiri kabla ya kuahidi. Kwa miaka ishirini na minne alikuwa ametazama kanda ile pengine mara mia mbili. Katika kichwa chake Cirhuza alikuwa mle, anazungumza.

Jumanne asubuhi aliweka kanda kwenye deki. Alitaka kusikiliza kama Nabintu atakavyosikiliza, kwa hiyo aligeuza televisheni ikatazama ukuta, akakaa, akafumba macho. Akafika dakika ya hamsini na moja. Akasikia mbuzi. Akasikia shemeji, na adabu ya mbuzi, na mifupa, na kicheko chake mwenyewe cha ujana. Kwa dakika sita hakukuwa na mtu mwingine kwenye kanda ile isipokuwa Védaste Niyonsenga.

Alirudisha utepe, akasikiliza tena akiwa amebandika sikio kwenye spika ya televisheni. Palikuwa na mapengo. Kila alipokuwa amevuta pumzi, mkono wake wa kushoto ulikuwa umepandisha kitasa kama ulivyozoea, na kwa muda mfupi kitu cha chini kilikuwa kimepita. Alihesabu mapengo tisa. Aliyahamishia kwenye simu, akayakata moja moja, akayaunganisha. Yalitoa sekunde kumi na tisa, refu kuliko yote likiwa la sekunde nne. Hayakuwa maneno. Ilikuwa silabi moja ikijirudia, kisha nyingine ikijirudia, kama utepe uliokwama kwenye gurudumu. Aliamua kwamba kanda ya asili ilikuwa na kasoro pale, akaliandikia faili hilo jina "mbovu".

Ilibaki kanda ya asili. Alikumbuka kuifuta. Lakini alikumbuka pia kuwa na homa mwezi ule, na mtu aliyekuwa na homa huenda alifuta nyingine. Jumatano alikwenda Gikundamvura, ambako Kabera wa banda la video sasa analima mpunga.

Kabera alimwona kutoka mbali na kupaza sauti bondeni kote. "Papa Védaste! Mbuzi iko wapi?"

"Acha hayo, mzee. Ile kanda ya mwanzo ya Nguba. Ulipofunga banda ulibeba kanda zote. Iko?"

"Ile si ulifuta weye mwenyewe? Uliweka karate juu."

"Una hakika?"

"Miye nilikuwa nakaa mlangoni, sikukukamatia mukono. Lakini ulikuwa unafuta yote. Hata ubatizo ya mutoto wangu ulifuta, unakumbuka? Mukankusi hajakusamehe."

"Sijamusamehe," alithibitisha Mukankusi, mke wa Kabera, bila kuinua kichwa kwenye ungo wake.

"Ziko wapi, Kabera?"

Kabera alionyesha kwa kidevu. Juu ya mpunga, kutoka mti hadi mti, tepe nyeusi zilikuwa zimenyooshwa mistari mingi, zikimeta na kuvuma kwa upepo, na hakuna ndege aliyekaribia. Kabera alikuwa amepigilia maganda ya kanda kwenye miti kwa msumari na kuuvuta utepe kutoka ndani yake. Védaste aliingia kwenye tope na viatu vyake vya mjini, akasoma ganda baada ya ganda. Kwenye mti wa pembeni alikuta moja lenye herufi zake mwenyewe: NGUBA. Utepe wake ulikuwa umekaa juani misimu mitatu na umebadilika kuwa wa kahawia.

"Unafanya nini?" aliuliza Mukankusi kutoka ukingoni.

"Minaichukua."

"Ndege bakule mpunga yetu juu ya sinema? Kwanza ubatizo, sasa mpunga?"

"Muache," alisema Kabera, aliyekuwa ameacha kucheka. "Angalia vile anaikamata."

Védaste alikuwa ameshafungua fundo la kwanza. Aliukunja utepe kwenye kiganja polepole, kama mtu anayekunja uzi wa kufuma, mita kumi na moja, ndizo zilizokuwa hazijakatika. Alhamisi asubuhi aliuingiza kwenye ganda tupu kwa kuuzungusha na penseli, akaupitisha kwenye deki. Ulitoa mvumo wa mvua kwa dakika tano. Kisha, kwa sekunde mbili, mwanamume alipiga ukelele wa karate. Kisha mvumo tena.

Dative, mkewe, alimkuta amekaa sakafuni mbele ya televisheni iliyogeukia ukuta.

"Utamwambia nini yule binti kesho?"

"Sijui. Kwamba nilikula sauti ya mujomba wake."

Dative alikaa pembeni yake. Ni mwanamke anayependa matatizo yaishe. "Weye unamuigizaka Cirhuza miaka yote hii. Kwenye ndoa, kwenye ubatizo, batu banakuomba. Muigize basi. Dakika mbili, tatu. Mama ni kipofu, anakufa, anataka kufurahi. Nani atakufunga?"

"Ni uongo, Dative."

"Na mbuzi ilikuwa nini?"

Alipata nafasi ya kukataa mchana mzima, na hakuitumia. Saa tisa alijifunika blanketi kichwani ili kuta zisirudishe mwangwi, akaweka simu mdomoni, akasema kwa sauti ile nzito yenye kicheko pembeni iliyomfanya apendwe Kamembe. Alimfanya Cirhuza amsalimu dada yake kwa jina. Alimfanya akumbuke uji aliopikiwa na njia ya shule, mambo ambayo kila mtoto aliyelelewa na dada yake angeweza kuyakumbuka. Alitumia Kiswahili cha Bukavu, maana Kimashi chake kisingefika mbali. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu Dative alilia.

"Ni yeye kabisa," alisema.

Dative hakuwahi kumsikia Cirhuza. Alimjua kupitia mumewe. Lakini Védaste pia, kufikia siku hiyo, hakuwa na Cirhuza mwingine isipokuwa yule.

Ijumaa alivuka daraja la Rusizi na Chloé saa nne asubuhi. Chloé alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Njia nzima alisimulia jinsi mama yake alivyooshwa na kupakwa mafuta, na jinsi alivyokataa dawa ya usingizi ili awe macho. Védaste aliitikia kwa kichwa. Katika simu yake palikuwa na mafaili mawili, "mbovu" na "Néhémie".

Nabintu alikuwa ameegemezwa mito mitatu karibu na dirisha. Alikuwa mdogo na mkavu, na macho yake meupe yalielekea mlangoni kabla ya yeyote kusema.

"Njo muntu ya sinema? Kuya karibu. Sionake, lakini minasikia muntu mwenye anasimama mlangoni kama mwizi."

"Jambo, Maman."

"Jambo. Una sauti muzuri. Chloé, mupe kiti. Papa, minakushukuru. Batoto bangu banasema unamupenda ndugu yangu kuliko sisi."

"Nilimupenda tangu nikiwa kijana, Maman."

"Basi tumusikilize wote."

Védaste alishika simu. Kidole chake kilikaa juu ya mafaili mawili kwa muda ambao Chloé aliuona kuwa mrefu. Alidhani mzee anatafuta miwani. Kisha akabonyeza "Néhémie" na kuiweka simu juu ya shuka, karibu na sikio la mgonjwa.

Sauti ilijaza chumba. Ilimsalimu Nabintu. Ilitaja uji, ilitaja njia ya shule, ilicheka kidogo, ikamwambia asihuzunike. Chloé alikuwa amepiga magoti na anashika ukingo wa kitanda. Nabintu alisikiliza amelaza kichwa upande mmoja, mdomo wazi kidogo, mpaka mwisho.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Mama, ni Papa Néhémie."

"Minauliza nani huyu."

Chloé aliitazama simu.

"Néhémie hakuwahi kumaliza jina yangu mara moja," Nabintu alisema. Hakupandisha sauti. "Tangu akiwa mutoto mudogo. Na, na, na, mpaka machozi inatoka. Alikuwa na kigugumizi ya kufa muntu. Juu ya nini hakuimba, munafikiri? Juu ya nini alikuwa ananyamaza kwa batu? Kwetu baba alikataza muntu kumumalizia neno. Ukimumalizia, unapigwa. Tulikuwa tunangoja. Chakula inapoa mbele yetu, tunangoja. Na huyu wako anasema Nabintu kama anasoma habari kwa redio."

Chloé alimgeukia Védaste. Kwa jinsi alivyomtazama, ni dhahiri alikuwa ameelewa yote kwa mara moja, na bado alikuwa akimpa nafasi ya kusema si hivyo.

"Ni miye, Maman," alisema Védaste. "Ni sauti yangu. Nilirekodi jana."

"Unanidanganya hapa, kitandani yangu?"

"Sikuwa na kitu ingine. Kanda iliharibika." Kisha aliacha, kwa sababu alikuwa ameanza kuelewa kitu kuhusu zile sekunde kumi na tisa. Alichukua simu kwenye shuka. Akalitafuta faili la "mbovu". "Iko ingine. Nilizania ni utepe njo inakwama. Ni kidogo sana, Maman."

Akabonyeza.

Silabi moja, ikarudiwa, ikarudiwa. Mkono wa Nabintu ulinyanyuka kutoka kwenye shuka na kubaki hewani, vidole vimefunguka, kama mtu anayezuia wengine wasiongee. Silabi nyingine. Pumzi. Neno dogo moja la Kimashi likatoka lote, na Nabintu akaguna. Halafu silabi ya kwanza tena, kwa sekunde nne nzima, mtu anasukuma, anasukuma, na mahali ambapo neno lilikuwa karibu kutoka, sauti ya ujana ya Védaste iliingia kwa kishindo na kuanza kucheka.

"Ni yeye," alisema Nabintu. "Chloé, ni yeye. Ni mutoto wangu."

Alilia bila kufuta uso. Chloé pia. Védaste alibaki ameshika simu kwa mikono miwili, na kwa muda huo mfupi aliweza kuamini kwamba mambo yamekwisha vizuri.

"Huyu anamukatiza ni nani?" aliuliza Nabintu.

"Ni miye."

"Alikuwa anataka kusema nini?"

"Sijui, Maman."

"Ulikuwa na kanda yote. Dakika sita. Chloé aliniambia sita."

"Nilikuwa nayo."

"Basi alisema nini?"

"Kimashi yangu ni kidogo. Na wakati alikuwa anakwama, hata wakati ule nilizania ni utepe..." Alitafuta namna ya kulisema na hakukuwa na namna nzuri. "Batu bangepiga filimbi. Nilikuwa najaza. Sikumusikiliza hata siku moja mpaka mwisho. Nilikuwa nangojea akwame, ili miye niingie."

Nje mtu alikuwa anapiga kelele za kuuza sambaza, dagaa wa ziwani, na Chloé aliinuka kufunga dirisha. Nabintu alisubiri lifungwe.

"Maisha yake yote alikuwa anaogopa batu bamucheke. Siku moja akapata nguvu, akakaa mbele ya mashini, akasema yote. Dakika sita! Kwa yeye ile ni kama kupanda mulima. Na muntu wa kuisikiliza ikawa weye."

"Ndiyo, Maman."

"Ile ingine ya uongo, futa."

Védaste alibonyeza. "Nimefuta."

"Chloé, amefuta?"

Chloé alichukua simu kutoka mkononi mwake, akatazama, akamrudishia. "Amefuta, Mama."

"Papa anaweza kwenda sasa," Chloé aliongeza, na aliufungua mlango.

"Haendi," alisema Nabintu. "Akae. Rudisha ile ya kweli."

Védaste alirudisha. Mkono ukapanda hewani tena. Walifika kwenye sekunde zile nne. Mgonjwa aliusogeza uso wake karibu na simu, akisaidia kwa midomo bila kutoa sauti, na chumba kizima kilishika pumzi pamoja na mtu aliyekuwa akisukuma neno lake kwenye ngazi za Nguba. Kicheko kikaingia.

"Ondoa hiyo sauti yako."

"Haitoki, Maman. Ziko pamoja."

"Rudisha."

Alirudisha. Baada ya mara ya kumi mkono wa Nabintu haukuweza kupanda tena, akaomba Chloé amshikie. Kufikia mchana alikuwa haulizi tena Néhémie alitaka kusema nini. Alielekeza macho yake meupe kwenye dirisha lililofungwa, na kila sauti ya Védaste ilipoingia na kukata, alifunga mdomo wake uliokuwa umeanza kuunda neno.

"Rudisha," alisema.